Chura Uliyemkamata Bukavu: Kumfuga au Kumrudisha Alikotoka

Mvua za Septemba zinapoanza kunyesha Bukavu, vyura hutoka mafichoni na kuonekana karibu kila mahali: kwenye migomba ya Bagira, kando ya mifereji ya Kadutu, na chini ya taa za nyumba za Nguba na Muhumba, ambako nondo na kumbikumbi huanguka kwa wingi. Ndicho kipindi ambacho watoto huwakamata na kuwaleta nyumbani ndani ya bidoni iliyokatwa mdomo, na baada ya siku chache mzazi au kaka mkubwa hujikuta na mnyama ambaye hajui amfanyie nini. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Unahusu chura wa nchi kavu, yule mnene mwenye miguu mifupi na ngozi ngumu yenye vinundu, ambaye hupiga miruko mifupi na hutumia mchana wake chini ya jiwe, gogo au lundo la majani. Vyura laini wa majini na wale wadogo wanaopanda mimea wana mahitaji yao mengine, ingawa mengi yatakayosemwa hapa kuhusu kuwaachilia yanawahusu pia.

Kwa kawaida chura huyo anapaswa kurudishwa, tena upesi. Hata hivyo zipo hali chache ambazo kumwachilia kunaleta madhara makubwa kuliko kumfuga, na ili kuzitambua inabidi kujiuliza alitoka wapi, amekaa karibu na wanyama gani, na ana afya gani. Mpangilio wa maswali hayo una maana yake. Watu wengi huanza na afya, wakimtazama kama ananenepa au anakonda, kumbe hata chura mwenye afya njema kabisa hawezi kuachiliwa popote tu iwapo asili yake haijulikani.

Alikokamatwa

Jibu linalohitajika ni mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole, kwa mfano nyuma ya choo cha jirani, chini ya mgomba wa tatu kutoka barabarani, au kwenye ukuta wa mawe ulio juu ya mfereji. Kusema tu kwamba alitoka Panzi au Cimpunda hakutoshi. Chura aliyekomaa anaijua ardhi yake: anajua maficho yake ya mchana, njia anazopita usiku, na dimbwi la kuzalia ambalo anaweza kulirudia msimu baada ya msimu. Akiachwa mahali asipopajua hutangatanga akijaribu kurudi, na katika safari hiyo huvuka barabara, hupita kwenye viwanja vyenye mbwa, na hupoteza maji ya mwili wakati ambapo hajui pa kujificha jua likichomoza. Kwa hiyo ukipajua alikokamatwa, na ikiwa bado pana udongo laini, kivuli na majani, uamuzi wako uko karibu kukamilika.

Mtoto akikumbuka kijibonde fulani bila kukumbuka mahali penyewe, chura anaweza kurudishwa katika kijibonde hichohicho, kwa kuwa umbali wa mita mia moja au mbili hautamsumbua sana. Katika mji wenye miteremko mikali kama Bukavu hutokea pia kwamba mahali penyewe pamekwisha kutoweka: udongo umeporomoka, au mwenye kiwanja ameanza kujenga. Hapo utafute sehemu iliyo karibu zaidi inayofanana na ile ya kwanza, upande uleule wa barabara na kwenye mkondo uleule wa maji.

Hali ni tofauti kabisa ikiwa chura aliletwa kutoka mbali. Kuna wasafiri wanaotoka Uvira au Lubumbashi na kumbebea mtoto zawadi ya aina hiyo, na mnyama huyo hapaswi kuachiliwa Bukavu hata kama anaonekana kufanana na wa hapa. Misitu ya miombo ya Katanga ina chura mwekundu, ambaye wanasayansi humwita Schismaderma carens, na makao yake ya asili ni savana za mashariki na kusini mwa Afrika. Nyanda za juu za mashariki mwa Kongo zina wake pia, kama Sclerophrys kisoloensis, ambaye dume lake hugeuka njano ya kung'aa wakati wa kuzaliana. Kila mmoja amezoea mvua, baridi na magonjwa ya kwake.

Anayedhani kwamba chura mmoja hawezi kudhuru kitu atazame yaliyompata Sclerophrys gutturalis, chura wa kawaida kabisa wa Afrika ya mashariki na kusini, anayepatikana pia katika sehemu za Kongo. Mwaka 1922 alipelekwa kisiwani Mauritius kwa matumaini kwamba angewala wadudu waharibifu wa miwa, na kutoka huko akapelekwa Réunion mwaka 1927. Leo ameenea visiwani humo na anawala wadudu na konokono ambao hawapo mahali pengine duniani. Aina hiyohiyo ilijipenyeza katika viunga vya Cape Town, nje ya makao yake ya asili, na jitihada za kuiondoa zimewachosha wahusika kwa miaka mingi. Sisi wakazi wa Bukavu tuna mfano wetu mezani: sambaza, samaki wadogo tunaowala kila siku, waliletwa katika Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na ingawa wamelisha familia nyingi, hakuna awezaye tena kuwaondoa humo. Mnyama akishazaana mahali papya, hesabu haifutiki.

Kuna wazo moja ambalo husikika mara kwa mara na ambalo napenda kulikataa waziwazi, nalo ni la kumpeleka chura wa mjini katika msitu wa Kahuzi-Biega ili "akaishi vizuri". Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, ina vyura wake wa milimani, na baadhi yao huishi katika eneo dogo sana. Chura wa Kadutu hana maficho huko, hajui baridi ya usiku ya mwinuko ule, na anaweza kubeba maradhi yasiyoonekana kwa macho. Zaidi ya hayo, sheria za nchi, pamoja na Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa mazingira ya asili, hazimpi mtu ruhusa ya kuingiza au kuchukua wanyama katika hifadhi anavyotaka. Ikiwa basi chura wako alichukuliwa ndani ya hifadhi wakati wa matembezi, usirudi kimyakimya msituni. Waeleze wahudumu wa ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi, katika makao yao huko Tshivanga, wao waamue.

Aliokaa nao

Maradhi niliyoyataja yanastahili maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo yanayofanya huruma igeuke kuwa hasara. Wanasayansi walikipa jina la Batrachochytrium dendrobatidis, mwaka 1999, kimelea cha jamii ya kuvu kinachoishi katika ngozi ya vyura. Chura hunywa na kwa sehemu hupumua kupitia ngozi, kwa hiyo kuvu hiyo inapoiharibu, chumvi za mwili wake huvurugika hadi moyo unasimama. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulieleza kwamba ugonjwa huo umechangia kupungua kwa aina zisizopungua 501 za amfibia duniani, na kwamba 90 kati yake zimetoweka au zinadhaniwa kutoweka. Kuvu hiyo imekwisha kuonekana mashariki mwa Kongo. Haimwambukizi binadamu, lakini chura anaweza kuibeba bila dalili yoyote, na husafiri kwa maji, kwa matope, na kwa chombo kilichotumika bila kusafishwa.

Hivyo jiulize kwa uaminifu chura huyu ameshiriki nini na wanyama wengine. Kama tangu siku ya kwanza alikuwa peke yake katika chombo kipya au kilichosafishwa, akapewa maji safi na wadudu wa uwanjani hapohapo, hatari ni ndogo na anaweza kurudishwa. Kama aliwekwa pamoja na vyura wa kutoka mtaa mwingine, jambo ambalo watoto hulipenda sana kwa sababu kila mmoja huleta wake, hatari imeongezeka. Chura wa namna hiyo nisingemwachilia, hasa ikiwa mmoja wa wenzake alikufa bila sababu iliyojulikana. Na kama alikaa na kobe, samaki wa mapambo au chura aliyenunuliwa kutoka nje ya nchi, suala la kumrudisha limefungwa. Atabaki nyumbani maisha yake yote.

Muda aliokaa kifungoni una uzito mdogo kuliko watu wanavyofikiri. Chura aliyefugwa peke yake kwa miezi kadhaa hasahau kuwinda, kwa kuwa kumkamata mdudu anayetembea ni silika aliyozaliwa nayo. Kinachobadilika ni mwili wake: huenda amenenepa kupita kiasi, au amekonda kwa kukosa chakula cha aina mbalimbali. Huyo hupewa wiki mbili tatu za chakula cha kawaida, kisha hurudishwa mvua ikinyesha.

Viluwiluwi ni suala la peke yake. Chura jike hutaga maelfu ya mayai yaliyopangwa katika nyuzi ndefu za utelezi, na viluwiluwi vinavyotoka humo huonekana rahisi kufuga, hadi siku vinapoota miguu na kutoka majini vikiwa vidogo kuliko ukucha wa kidole. Kuanzia hapo vinahitaji wadudu wadogo mno, kila siku, kwa wingi ambao nyumba ya mjini haiwezi kuupata. Virudishwe katika dimbwi lilelile kabla ya hatua hiyo au mara tu inapofika, bila kusubiri vikue.

Kumpima afya

Loweka mikono yako katika maji safi yasiyo na sabuni kabla ya kumshika, kwa sababu mafuta ya kupaka na mabaki ya sabuni huingia moja kwa moja mwilini mwake. Atakukojolea, usikasirike, ila ujue kwamba hayo ni maji aliyokuwa ameyahifadhi katika kibofu, na kwamba kumshikashika wakati wa kiangazi kunamnyima akiba hiyo. Mtazame haraka: macho yawe angavu, tumbo liwe safi bila wekundu kati ya mapaja, na mifupa ya nyonga isichomoze. Mlaze chali kwenye kiganja kwa sekunde moja. Mwenye nguvu hugeuka mara moja. Anayebaki amelala hivyo ni mgonjwa au amechoka sana. Ngozi inayobanduka vipandevipande kwa siku nyingi mfululizo, miguu inayotetemeka, na kukaa ndani ya bakuli la maji mchana kutwa bila kutoka ni dalili nyingine za hatari. Kujivua ngozi mara moja na kuimeza ni kawaida yake, ingawa humshtua anayeona kwa mara ya kwanza.

Chura mgonjwa harudishwi kwanza, wala hapewi dawa za binadamu. Mtenge, umpe utulivu, giza na maji safi, na utafute daktari wa mifugo ukijua kwamba wengi wamezoea ng'ombe, mbuzi na kuku. Akipata nguvu na kula kwa wiki mbili mfululizo, endelea na mpango wa kumrudisha. Aliyepoteza jicho moja bado anaweza kuwinda. Aliyepoteza macho yote mawili au mguu mzima wa nyuma hawezi kujitegemea.

Kuhusu usalama wa watu, vinundu vya chura havimpi mtu chunjua, lakini tezi mbili kubwa zilizo nyuma ya macho yake hutoa maji meupe mazito yenye sumu inayogusa moyo. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumshika, pia kwa sababu ya bakteria wa salmonela, na mtoto mdogo asimshike bila mtu mzima karibu. Mbwa aliyemng'ata chura huanza kutoa mapovu; mwoshe kinywa kwa maji yanayotiririka, kichwa kikiwa kimeinamishwa ili asiyameze, na umpeleke kwa daktari haraka.

Ikiwa lazima abaki

Anayeamua kumfuga akubali kwanza kwamba anaingia katika kazi ya miaka, kwani vyura wa aina hii wanaweza kuishi zaidi ya miaka kumi chini ya uangalizi mzuri. Furaha ya mtoto ambayo itakuwa imekwisha ifikapo Krismasi si sababu ya kutosha.

Makao yenyewe hayana gharama kubwa. Beseni pana au kasha la plastiki lenye sakafu ya sentimita 60 kwa 40 hivi, mfuniko wenye matundu, udongo usiotiwa mbolea wa kina cha sentimita 8 hadi 10 ili aweze kujifukia, majani makavu, na nusu ya chungu kilichovunjika kwa ajili ya kujificha. Joto la nyumba nyingi za Bukavu linamfaa bila taa wala kifaa chochote. Asiwekwe tu karibu na jiko la makala, kwa sababu ya moshi na joto, wala dirishani juani. Bakuli la maji liwe pana na la kina kifupi, kwa kuwa chura hanywi kwa mdomo bali huketi ndani na kuyanyonya kupitia ngozi ya tumbo. Maji ya bomba yaachwe wazi katika ndoo siku nzima ili klorini itoke, au utumie maji ya mvua yaliyokingwa kwa chombo safi. Yabadilishwe kila siku, maana huyachafua usiku.

Chakula ndicho kinachowashinda wengi. Chura huona kile kinachotembea, kwa hiyo bukari (ugali), nyama na sambaza waliokaushwa havimfai hata kidogo. Anahitaji nyenje, panzi, mchwa, nyungunyungu na mende, watano au sita kila baada ya siku mbili au tatu kwa chura mkubwa, na walionyunyiziwa unga laini wa ganda la yai mara moja kwa wiki ili mifupa isilegee. Mende wa nyumbani wana tatizo kubwa: katika nyumba nyingi hupulizwa dawa, na mende anayetembea kwa kuyumba amekwisha kubeba sumu itakayomuua anayemla. Kusanya wadudu mahali ambapo una hakika hapajapulizwa, ama uachane na wazo la kufuga. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, wadudu hupungua, na hapo ndipo mfugaji anapojua kama aliamua vizuri.

Chura wa porini huwa pia na minyoo, ikiwemo ya mapafu, ambayo mwilini mwake huvumilika anapokuwa huru, lakini huongezeka katika kasha dogo lenye kinyesi. Ondoa uchafu kila siku na ubadilishe udongo wote kila baada ya wiki chache.

Siku ya kumrudisha

Chagua jioni yenye mvua au baada tu ya mvua, jua likiwa limezama, katika miezi ya Septemba hadi Mei. Ikiwa uamuzi umekufikia katikati ya kiangazi na chura ana afya, na alikamatwa siku chache tu zilizopita, mrudishe hivyohivyo mahali penye unyevu, ila lowesha kwanza maficho yake. Ikiwa amekaa kifungoni muda mrefu, ni afadhali asubiri mvua.

Zungumza mapema na mwenye kiwanja. Wapo wanaomhusisha chura na uchawi na humwagia chumvi au makaa ya moto mara wanapomwona, na chumvi humuua polepole kwa kuyavuta maji nje ya ngozi yake. Maneno machache ya heshima, kwa mfano, "Mama, tunaomba kumrudisha chura wetu hapa nyuma, anakula mende na wadudu wa bustani," huweza kumwokoa kuliko maficho yoyote. Akikataa kabisa, tumia sehemu ya jirani iliyo karibu zaidi.

Mbebe ndani ya chombo chenye majani mabichi, kikiwa kimefunikwa. Kilaze chombo ubavuni karibu na gogo au rundo la mawe, ukiuelekeza mdomo wake penye kivuli, kisha ujitenge. Asirushwe, wala asitupwe ziwani kwa kudhani kwamba kila chura ni wa majini, kwani chura wa nchi kavu huchoka upesi penye maji ya kina na kingo za saruji. Mtoto aliyemfuga aruhusiwe kuwepo, bila taa kali. Kama chura hatoki, kiache chombo hapo hadi asubuhi.

Asubuhi hiyo kiondoe, umwage maji ya makao aliyofugiwa chooni wala si mferejini, na udongo wake uanikwe juani hadi ukauke kabisa kabla ya kutupwa. Beseni, bakuli na chungu vioshwe kwa sehemu moja ya maji ya javeli (dawa ya klorini ya kufulia) katika sehemu tisa za maji, viachwe robo saa, visuuzwe mara mbili na kukaushwa juani kabla ya kutumika kwa kitu kingine chochote.